Mara Tatu Mbele ya Kamera

Mie nimecheza picha za sinema tisa, na katika zote tisa nimelia. Wajukuu zangu wanasema nane, kwa kuwa ile ya mbu nilitoa machozi kidogo tu, lakini kulia ni kulia. Kabla yangu hakuna mwanamke wa Mtambile, huku Pemba, aliyesimama mbele ya kamera. Baada yangu walikuja wengi kuniuliza nafanyaje. Nitasema nafanyaje. Ila lazima nianze na picha ya kwanza, ile ambayo watu wote wanaisifu, kwa sababu ndiyo peke yake ambayo sikuigiza.

Skuli nilikwenda miaka miwili. Chuoni nilihitimu Kurani, na hapo baba akasema yatosha. Nilichokuwa nacho mimi ni kuiga watu. Kwenye harusi wanawake wakifunga mlango wa uani, wananisukuma katikati, nami nawatembelea mwendo wa jirani huyu, nawapigia chafya ya mwalimu wa chuoni, namvua mtu ushungi kwa mkono wa mama mkwe anayetafuta chawa. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama yangu peke yake hacheki. Anasema, "Weye, angalia. Mungu asije akakuacha ulivyojigeuza."

Nilikuwa nimeolewa mwaka wa nne, tuna mtoto mmoja wa kike. Mume wangu alikuwa mchumaji karafuu, mrefu, mikono mirefu, mtu wa maneno machache. Tukila samaki alinisogezea kichwa siku zote. "Kula weye, mie kichwa sikitaki." Nikala vichwa vya samaki miaka minne, nikajua nimeolewa na mtu asiyependa kichwa cha samaki.

Ndipo likaja gari la serikali. Ndani yake mlikuwa na Mzungu mmoja mwenye kamera ya miguu mitatu, na karani wa Unguja, suruali ya kaki imenyooshwa, ndiye mkalimani. Walitaka kutengeneza picha ya kuwafundisha watu wapeleke watoto hospitali. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: mtoto anaumwa, mume hataki hospitali, mke anampeleka kwa siri. Mume anarudi kutoka shamba, anaambiwa, anaghadhibika, anamwacha mkewe. Baadaye mtoto anapona na mume anajuta. Basi. Waliuliza nani anaweza kuwa mke, na kijiji kizima kikaelekeza vidole nyumbani kwetu.

Mume wangu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo mume ni nani?"

Karani akasema wamempata kijana wa Chake, hodari, amewahi kucheza michezo ya skuli.

"Mke wangu asimame na mwanamume mwengine uani kwangu? Amlilie? Hapana. Kama ni mume, mume nipo."

"Lakini weye hujui kucheza, yakhe."

"Sijui kucheza, lakini mume najua kuwa."

Wakacheka, wakakubali. Mara nyingi nimelifikiri neno lile. Angekuwa mwanamume asiye na wivu, asiye na haya, angemwachia yule kijana wa Chake, na mimi nisingekuwa na cha kuhadithia hapa. Lililotuponza ni hishima yake.

Siku mbili zilipita vizuri. Walinipiga picha nikibeba mtoto, nikiteka maji, nikipita njia ya hospitali na kutazama nyuma kama mwizi. Mzungu alikuwa akiipa kamera funguo kama saa ya ukutani, kisha inanguruma, kisha inakwisha nguvu anaipa tena. Siku ya tatu ndiyo ya uani. Waliniweka juu ya kibao, na ungo wa mchele magotini, nachagua vijiwe. Mama yangu alikuwa amekuja kutushikia mtoto. Alisimama mlangoni mwa jiko na upawa mkononi. Majirani watatu walikaa ukutani, wameambiwa wasikohoe.

Mume wangu akauliza, "Niseme nini?"

"Sema lolote," karani akajibu. "Mashine hii ina macho, haina masikio. Sauti haishikwi. Watu wataona kinywa tu, maneno nitawasomea mimi kwa kipaza sauti siku ya kuonyesha."

Basi mume wangu akaingia kutoka nje, akasimama mbele yangu, akanyoosha kidole akasema kwa ukali, "Muhogo! Ndizi! Viazi vikuu!"

Majirani waliangua kicheko. Na mimi nikacheka, ungo ukatikisika, mchele ukamwagika. Hata Mzungu alitabasamu, lakini akatikisa kichwa na akasema kitu.

"Anasema una uso wa mtu anayeuza mboga," karani akatafsiri. "Sema maneno yenyewe, bwana. Hasira itakuja pamoja nayo."

Mume wangu akanitazama. "Yenyewe?"

"Yenyewe. Mchezo huu. Nani akusikie?"

Akatoka, akaingia. "Nimekuacha," akasema. Alisema chini chini, kama mtu anayeomba radhi. Kamera ikasimama. Mzungu hakuona kinywa vizuri. Rudia.

Akatoka, akaingia. "Nimekuacha!" Safari hii alisema kwa nguvu, lakini kuku akapita katikati yetu na kifaranga nyuma. Rudia.

Nataka mjue kwamba mimi sikuwa nikifikiri chochote. Nilikuwa nikifikiri mikono yangu. Nilikuwa nikijiuliza, mwanamke aliyeambiwa neno kama hili, ungo anaushika vipi? Atautupa? Atauweka chini? Nilikuwa mtu wa kazi, nikifanya kazi. Mume wangu naye sasa alikuwa ameipata hasira, uso umemwiva, na mimi nilijivunia, nikasema moyoni, kumbe na yeye anaweza.

Akaingia na neno lile mara ya tatu. Neno lilikuwa linamtoka kinywani nilipoinua macho, na nyuma ya bega lake nikamwona mama. Upawa ulikuwa chini. Mama alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili na anatelemka polepole kwenye mlango wa jiko, mgongo unaburura ukutani, mpaka akakaa.

Hapo ndipo nilipojua. Nilimtazama mama, nikamtazama yeye, na mikono yangu haikutupa ungo wala haikuuweka chini. Iliendelea kuchagua vijiwe. Kijiwe kimoja, cha pili, cha tatu, naviweka pembeni kwa utaratibu, na machozi yanaanguka ndani ya mchele.

Mzungu akapiga makofi.

Mama akainuka, akanifunika na kanga yake kichwani. "Inuka. Jisitiri. Huyo si mume wako."

Mume wangu bado alikuwa akicheka na karani. "Mama, sinema hii."

"Talaka haina sinema. Umetamka mara ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, hivi, kama mtoto. Kidole cha tatu hakukimaliza kukikunja.

Wale majirani watatu wangeweza kunyamaza. Mtu alisema baadaye tungeweza kuficha, sauti haikushikwa, Mzungu hajui dini, karani angerudi kwao Unguja. Lakini mama alisikia, na mimi nilisikia. Ningelalaje na mtu nikiwa sijui ni mume au ni zinaa? Mume wangu mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Shehe, jioni ile ile, hata nguo hakubadili. Kaka yangu alifuatana naye, na ndiye aliyenihadithia.

Shehe hakuwa mtu mkali. Alimuuliza taratibu: umetamka kwa ulimi wako? Ndiyo. Ulikuwa na akili zako? Ndiyo. Uliyemwelekea ni mkeo wa ndoa? Ndiyo.

"Lakini ulikuwa mchezo, Shehe. Na sauti haikushikwa na mashine."

"Mashine haikushika," Shehe akasema. "Yuko aliyeshika." Kisha akamwambia lile ambalo kila mtu aliyekaa chuoni analijua, kwamba nikahi na talaka na rejea ya mke hazina mzaha, ukizisema kwa mchezo zimepita. Zimepita zote tatu. Kaka anasema Shehe alipomaliza alijifuta macho kwa kilemba.

Siku hizi nina mjukuu aliyesoma dini ng'ambo. Aliniambia mwaka juzi, "Bibi, ile haikuwa talaka. Yule alikuwa anahadithia maneno ya mtu mwengine, kama mwalimu anayesomesha mlango wa talaka darasani. Wako maulamaa wanaosema haipiti." Ana pua ya babu yake na mikono ile ile mirefu. Nilimwambia anyamaze, ale. Elimu nyengine ikichelewa ni bora isije.

Nikarudi kwa mama kukaa eda. Mtoto nikaja naye. Mume wangu alikwenda kwa mama yake, na siku moja huyo mama yake akanambia kwa bahati tu, wakati analeta samaki wa mtoto: "Yule mwanangu tangu mdogo ugomvi wake ni kichwa cha samaki. Hata sasa mtu mzima, kichwa hapewi mwengine ila yeye." Nilisema naam, nikapokea samaki. Alipoondoka nikaingia ndani.

Eda ilipokwisha mume wangu alimtuma kaka yangu. Njia ya kurudiana ilikuwa moja, kila mtu anaijua: niolewe na mwanamume mwengine, ndoa ya kweli na kulala ya kweli, huyo akiniacha kwa hiari yake na eda ikapita, ndipo anioe upya. Alikuwa ameshatokea mtu mzima mmoja wa Gando, mjane, mtaratibu, aliyesema yuko tayari. Watu walijua maana yake hata bila kuitamka.

"Anakuomba," kaka alinambia. "Anasema yeye atavumilia, na weye uvumilie. Anasema atakaa asubiri hata mwaka."

Nikamjibu, "Mwambie mie si daraja la watu kupitia."

"Dada, fikiri."

"Nimefikiri. Yeye alinena, yeye avumilie. Mie sikunena kitu."

Watu walinisifu kwa jibu lile. Mama alinisifu. Lilikuwa jibu zuri, lilinitoka vizuri, na nililisema kidevu juu kama vile kuna mtu ananitazama. Nilidhani msimu wa karafuu ukipita, nikishapoa, nitamwita kaka nimwambie vyengine. Nilijiona nina muda.

Msimu ulikuwa mkubwa mwaka ule. Yeye alikuwa akipanda juu kuliko wenziwe, pale ambapo wengine wanavuta tawi kwa ngowe yeye anakwenda kwa miguu yake. Mkarafuu una tabia ya kukuonyesha tawi zima kumbe ndani bovu. Walimleta adhuhuri juu ya jamvi la kuanikia, karafuu mbichi bado zimemganda kwenye nguo. Nilisikia ukelele nikakimbia na unga mikononi.

Mama yake alikuwa mlangoni. Aliniona, akapanua mikono akaziba mlango. Hakunifukuza. Alinikumbatia, akanisemea sikioni, "Mwanangu, nakupenda. Lakini weye si mkewe. Usiingie."

Kwa hiyo sikumwona. Maziko yakapita mimi nimekaa na wanawake ukumbini kama jirani. Mahali anapokaa mjane palikuwa patupu. Wanawake walioingia kutoa mkono walinijia mimi kwanza kwa mazowea, mkono umeshanyooka, kisha wanakumbuka, mkono unarudi, wanapita kwenda kwa mama yake. Wengine waliona haya. Mmoja alinambia, "Samahani, nilisahau." Sikukaa eda yake. Sikuvaa nguo ya mjane. Kulia nililia, lakini nililia kidogo kidogo, ili watu wasije wakasema huyu analia kwa haki ipi.

Picha ilikuwa imepelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya miezi mingi. Walipoitangaza, karani akaja kunichukua kwa gari, akanipeleka Tibirinzi, kule Chake. Walifunga shuka kubwa jeupe kwenye miti miwili uwanjani, na baada ya isha mashine ikawashwa. Zile zilikuwa zama za siasa. Watu walikuwa wakisusiana maduka, wakisusiana harusi, na maziko pia. Hata pale uwanjani walikaa pande mbili, na katikati njia tupu.

Nikamwona anaingia uani. Mkubwa kuliko nyumba. Mikono ile, na shati lile lililokatika kifungo ambacho nilikusudia kukishona. Kinywa kikafunguka, kikafunga, na karani akasoma kwenye kipaza sauti, "Mume huyu mjinga anamwacha mkewe!" Watu wakazomea. Walikuwa wakimzomea maiti bila kujua. Kisha uso wangu ukajaa shuka lote, na mikono, na vijiwe. Wakanyamaza pande zote mbili. Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu anapenga kamasi. Mwengine akasema, "Mtoto wa nani huyu? Anaigiza kama kweli."

Walipouliza kama nitacheza picha nyengine, mama alikataa, kaka alikataa. Mimi nilikubali, lakini nilitoa sharti. Gari likienda kuonyesha picha mpya, nami niwemo, na kwanza waonyeshe ile ya zamani. Karani alidhani napenda sifa. Nilimwacha adhani hivyo. Sifa napenda, siwadanganyi. Lakini nilikuwa na mtu wa kumwona, na hakuna mahali pengine ningemwona. Nimelifuata gari lile kila lilikokwenda, mpaka Gando, nikakaa mbele ya shuka kwa wale wale waliotaka kuniozesha, nikamtazama.

Sasa kazi yenyewe. Wanaoanza hufikiri kulia kunatoka machoni. Kunatoka mikononi. Mtu akipigwa na habari mbaya, mwili hauamini kwanza. Mikono humaliza kazi iliyokuwa nayo. Anayekuna nazi ataikuna, anayesuka ukili atamaliza mshono. Kwa hiyo kabla ya picha yoyote nilikuwa namuuliza karani swali moja tu: "Mikono yangu inafanya nini?" Akisema haifanyi kitu, nasema sichezi, nitafutieni kazi. Mzungu alikasirika mara ya kwanza, baadaye akazowea, akawa ananiletea mwenyewe ungo, kifuu, mchi.

La pili, sikutamka kamwe neno linalofunga mbele ya kamera. Si kiapo, si ndoa, si dua ya maiti. Karani akinipa maneno, natikisa kichwa, nasema yangu. Mkiiona picha yangu ya mtoto aliyezama, pale ninapopaza kilio hadi shingo inasimama, mjue nasema muhogo, ndizi, viazi vikuu. Ni maneno yake. Sikuhitaji vitunguu machoni.

Mkanda una umri kama mtu. Ule wa kwanza ulionyeshwa mno, ukaanza mikwaruzo, mvua nyeupe ikawa inanyesha uani kwetu. Ukawa unakatika, na ulikuwa unakatika mahali pamoja, pale anapoingia uani, ile mara yake ya tatu waliyoichagua. Fundi wa mashine anausimamisha, anakata kipande kibovu kwa wembe, anaunganisha kwa gundi. Kila safari unapungua kidogo. Usiku mmoja pale pale Tibirinzi nikamwona anaingia, ananyoosha kidole, anaanza kufungua kinywa, na hapo hapo nikajiona mimi nalia. Neno halikuwamo. Karani alisoma maneno yake kama kawaida, hakutanabahi. Watu hawakutanabahi.

Nilikwenda kwa fundi kabla hajafunga kasha. "Kile kipande ulichokata kiko wapi?"

"Taka hizo, Bi."

"Nipe."

Alinipa, amekizungusha kwenye kidole. Hakikufika urefu wa mkono wangu. Gari halikurudi tena Pemba na picha ile, mambo ya nchi yakageuka, na hata sijui mkanda wenyewe uliishia wapi. Kipande ninacho.

Asubuhi baada ya usiku ule wa kupewa nilitoka uani nikakiinua juani. Ni picha ndogo ndogo, kila moja kama ukucha, zimepangana juu na chini, na yeye yumo katika zote. Katika hii kinywa kimefungwa. Katika hii kimeachana kidogo. Katika hii meno yanaonekana. Katika hii kimefunga tena. Nilizipitia moja moja kwa ncha ya sindano, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, natafuta ni ipi aliyoniacha. Jua likapanda, mama akaniita mara mbili nije nile. Sikuiona. Katika kila moja amesimama tu, ananitazama.